Sherehe ya zawadi: taaluma jina kwa jina, kwaya na klabu "simameni tuwapigie makofi". Tatizo liko wapi?

#1 · Mwl Ratiba
Salamu wakuu.

Mwaka huu nimeangukiwa na jumba bovu: uenyekiti wa kamati ya zawadi shuleni. Nimekaa na ratiba ya sherehe iliyopita nikaipitia kwa kalamu. Upande wa taaluma mtoto anaitwa kwa majina yake matatu, linatajwa somo, zinatajwa alama, anapanda jukwaani, anapeana mkono na mgeni rasmi, picha, anashuka. Hivyo hivyo kila somo, kila darasa. Zamu ya muziki ikifika: "Kwaya na bendi simameni hapo mlipo tuwapigie makofi." Klabu ndiyo kabisa: "Na wote mlioshiriki midahalo, sayansi, chesi na uandishi, hongereni sana." Wanakaa, hotuba inaanza.

Nikiuliza naambiwa muda hautoshi. Sikubali. Muda ungekuwa tatizo tungekata hotuba. Dai langu: tunasherehekea kile ambacho mtu mwingine ameshatuorodheshea. Karatasi ya matokeo ipo, ni kuisoma tu. Kwa kwaya na klabu ingebidi tukae tubishane nani kafanya nini, na hiyo kazi hatuitaki.

Mniambie kwenu inakwendaje.

#2 · Siti ya Mbele
Naweka kigoda. Uzi huu una safari ndefu.

#3 · Mama Wawili
Mwalimu, usiwatupie walimu wenzako mzigo wote. Sisi wazazi ndio tunaofanya hivyo. Mtoto akirudi nyumbani swali la kwanza ni "umekuwa wa ngapi?" Sijawahi kumsikia mzazi akiuliza "leo mazoezi ya bendi mmefika wapi?" Shule inatupa tunachokuja kutafuta.

Nina mmoja anayeongoza darasa na mwingine wa chesi. Nadhani hata mimi ukinirekodi sauti nikiwaita kwa habari njema, utajua nani ni nani bila kutajiwa jina.

#4 · Sauti ya Besi
Nafundisha kwaya na nitawashangaza: sioni tatizo kubwa.

Mwanakwaya siku hiyohiyo amesimama mbele ya ukumbi mzima akaimba, watu wakanyanyuka kumshangilia. Sherehe yake ameshaipata, na ameipata kwa kazi yenyewe. Sasa yule aliyekesha na hesabu, nani aliwahi kumpigia makofi akiwa katikati ya swali? Kazi yake haina watazamaji. Jukwaa la zawadi ndiyo onyesho lake pekee la mwaka. Mwacheni apande kwa majina matatu.

#5 · Jembe Butu
#4 umenena. Mwl Ratiba funga uzi twende nyumbani.

#6 · Kalamu ya Risasi
Usifunge. Sauti ya Besi, makofi unayoyasema yanamfikia nani?

Kwenye kwaya yetu kulikuwa na mvulana wa sauti ya tatu, sauti ya kawaida tu. Huyo ndiye alikuwa na faili la nota. Alipanga karatasi kwa sauti, soprano juu, besi chini, kila fungu na kibanio chake, na pale mwalimu alipobadilisha kitu mazoezini alikipenyeza kwa penseli kwenye nakala zote kabla ya kipindi kingine. Alifika mapema kukaza nati za stendi kwa sababu mbili zilikuwa zinateremka zenyewe katikati ya wimbo. Asipokuwepo siku moja, tunaanza tukiwa tumechelewa na kila mtu anamfokea mwenzake.

Mwisho wa mwaka tuzo ya Mwanamuziki Bora ikaenda kwa mwimbaji wa solo. Mvulana wa faili alisimama na wengine "hapo mlipo".

#7 · Jembe Butu
Kalamu, stori hii ina harufu ya uchungu wa kale. Wewe ndiye uliyekuwa unakaza nati, sema ukweli 😂

#8 · Kalamu ya Risasi
Mimi ndiye niliyekuwa naimba solo. Ndiyo maana najua nani alinibeba.

#9 · Siti ya Mbele
Jembe umekula za uso 😂😂

#10 · Takwimu Baridi
Turudi kwenye dai la #1. Kwamba muziki hauna orodha si kweli. Upo mfumo wa kupima muziki unaokubalika nchi nyingi: mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa 1889. Ngazi 1 hadi 8, alama jumla 150, kufaulu 100, ufaulu mzuri 120, ufaulu wa juu 130. Mtoto anapimwa kwa kiwango kilichoandikwa. Hapimwi kwa kumlinganisha na wenzake. Watano wakifikisha 130, wote watano wameipata.

Nyinyi mnapotoa "Mwanamuziki Bora" mnalazimisha muziki uwe na mmoja tu, halafu mnashangaa ugomvi unatoka wapi. Fanyeni kiwango, atakayekifikia aitwe jina.

#11 · Sauti ya Besi
Takwimu, mitihani hiyo inampima mtu na kinanda chake. Ni kweli inafanya kazi. Lakini kwaya nzuri ni ile ambayo humsikii mtu mmoja mmoja. Mtoto mwenye sauti kubwa akijifunza kupunguza ili wenzake wasikike, hilo ndilo fanikio kubwa kuliko yote ninayoyaona kwa mwaka, na hakuna ngazi ya 1 hadi 8 inayolinasa.

#12 · Mkwaju
Mnabana zawadi kama zinatoka mfukoni mwenu. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, mashindano magumu kuliko yote ya wanafunzi wa sekondari, nusu ya washiriki wanarudi na dhahabu. Imeshuka thamani? Haijashuka. Gaweni kwa wingi!

#13 · Takwimu Baridi
Nusu ya DHAHABU? Hapana mkuu. Medali zote kwa pamoja, yaani dhahabu, fedha na shaba, huenda kwa takriban nusu ya washiriki, na mgawanyo wake ni 1 kwa 2 kwa 3. Kwa hiyo dhahabu ni kama mmoja kati ya kumi na wawili. Mashindano hayo yalianza Romania mwaka 1959: maswali 6, kila swali alama 7, jumla 42.

Kuna kitu kizuri umekiruka. Asiyepata medali lakini akamaliza swali moja kwa alama zote 7 hupewa tuzo ya heshima. Yaani wanasema: jumla yako haikutosha, ila swali hili moja umelimaliza sawasawa na bingwa.

#14 · Mkwaju
Mmoja kati ya kumi na wawili bado ni wengi kuliko "wa kwanza kidarasa". Hoja yangu iko palepale, umeipiga pasi tu. Asante kwa kupiga pasi.

#15 · Mwl Ratiba
Hiyo ya swali moja nimeiandika pembeni. Fikiria mtoto wa mwisho wa orodha anaitwa mbele kwa sababu jaribio lake moja la kemia lilikuwa safi mwanzo mwisho.

#16 · Dada Mlezi
Habari zenu. Niko kitengo cha ushauri nasaha shuleni, naomba niwamwagie maji baridi kidogo.

Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Wakawaahidi baadhi yao cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Walichora, wakapewa. Siku kadhaa baadaye kalamu zikawekwa tena darasani bila ahadi yoyote, na watoto wale wa cheti wakazigusa kama nusu tu ya muda wa wenzao.

Klabu na muziki ndiyo sehemu pekee shuleni ambako mtoto bado anafanya kitu kwa kukipenda. Nyinyi mnataka kupeleka huko vyeti, mgeni rasmi na orodha. Mimi nasema kule kupuuzwa kumezilinda klabu.

#17 · Jembe Butu
Kwa hiyo zawadi ni sumu. Futeni sherehe yote, taaluma na kila kitu. Tumeokoa na gharama za maturubai.

#18 · Kalamu ya Risasi
Dada Mlezi, umeacha kundi la tatu. Kulikuwa na watoto waliopewa cheti kilekile kwa kushtukizwa, baada ya kuchora, bila kuahidiwa kabla. Hao hamu yao haikushuka. Kilichoharibu ni ile biashara ya "chora nikupe".

Kwa hiyo ukimwita yule wa faili la nota mwisho wa mwaka akiwa hajui kama ataitwa, humharibu.

#19 · Takwimu Baridi
Pole pole na hiyo ya kushtukiza. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani, Robinson na wenzake, umechapishwa 2021, wanafunzi zaidi ya 15,000 wa California. Tuzo ilikuwa ya mahudhurio. Walioahidiwa kabla, kwa wastani hawakubadilika. Waliopelekewa tuzo ya ghafla kwa mahudhurio mazuri ya nyuma, mwezi uliofuata WALIKOSA shule zaidi.

Maelezo ya watafiti: cheti kiliwaambia watoto kwamba wamehudhuria kuliko wenzao na kuliko shule inavyotarajia. Mtoto akajiambia, kumbe nimezidisha, acha nipumzike.

#20 · Mkwaju
Hahaha, kwa hiyo ukiahidi unaua, ukishtukiza unaua. Sayansi imetufikisha wapi jamani.

#21 · Dada Mlezi
Mkwaju, ni vitu viwili tofauti. Kuchora mtoto anakupenda, kuja shule saa moja asubuhi hakuna anayekupenda. Cheti cha mahudhurio kinasema "umetimiza wajibu kupita kiasi". Huwezi kukipeleka hivyohivyo kwenye kwaya.

Kalamu, ni kweli kundi la tatu lipo. Lakini kushtukiza hufanya kazi mara ya kwanza tu. Sherehe ipo kwenye kalenda kila mwaka, mtoto wa kidato cha pili ameshajua. Hapo ahadi ipo hata kama hujaitamka.

#22 · Mkaa Kando
Wenye fani hii walishagombana sana tu. 1994 Cameron na Pierce walikusanya tafiti wakasema madhara ya zawadi yametiwa chumvi. 1999 Deci, Koestner na Ryan wakakusanya 128 wakasema madhara yapo, hasa zawadi ya kushikika iliyoahidiwa. Walipokaribiana ni kwenye sifa za mdomo: hizo hazikuonekana kuua hamu.

Sasa rudini kwenye sherehe ya #1. Mtoto wa taaluma anapewa kitu cha kushika na alama zake zinatajwa, hakuna anayesema alifanyaje. Wa kwaya hapewi hata hiyo sentensi.

#23 · Mwenye Kisiki
Wakuu mnazunguka mbuyu. Niseme mimi niliyewahi kukaa ofisi ya mkuu wa shule.

Sherehe ile si ya watoto. Ni tangazo. Ukumbini wamekaa wazazi wa leo na wazazi wa mwakani. Shule inapimwa kwa matokeo ya mtihani wa mwisho, mkuu anapimwa hapohapo, anapandishwa au anahamishwa kwa hiyo namba. Unataka atumie dakika zake na mgeni rasmi kusifia klabu ya chesi? Siku mkuu wa shule atakapoulizwa na wakubwa zake "klabu zako ziko hai?", utaona chesi inapanda jukwaani kwanza.

Dai la #1 kwamba walimu ni wavivu wa kufikiri ni la kuwaonea. Wanafikiri sana. Wanafikiri kuhusu kitu kingine.

#24 · Mama Wawili
#23 hapo umepigilia. Lakini si ndilo lilelile nililosema #3? Mkuu anawatangazia nani? Sisi.

#25 · Mwenye Kisiki
Mama Wawili, anawatangazia nyie ila anaripoti kwa wengine. Mnadhani mko mbele kwenye foleni.

#26 · Binti wa Hoja
Shikamoni. Mimi bado mwanafunzi, nimesoma kimya toka juu naomba niseme.

Vyeti vya ushiriki hatuvipendi. Samahani kama kuna anayevichapa humu. Kila aliyeandika jina kwenye daftari la klabu anapewa, hata aliyekuja mara moja kwa sababu kulikuwa na vitafunio. Cha kwangu sijui kiko wapi.

Ninachokitunza ni karatasi ya jaji wa mdahalo. Aliandika kwa mkono: "Hoja ya pili ulijibu swali ambalo mpinzani hakuuliza. Ya tatu ilikuwa bora kuliko zote za raundi hii." Tulishindwa raundi hiyo. Ile karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati na kabla ya mdahalo naisoma, hasa ile sentensi ya kwanza inayoniudhi.

#27 · Sauti ya Besi
Marahaba binti. Umetushinda wote humu.

#28 · Mkaa Kando
Marahaba. Alichosema Binti kina ushahidi. Mueller na Dweck, 1998: watoto waliofaulu fumbo wakasifiwa "una akili", na wengine wakasifiwa "umejitahidi". Wakapewa mafumbo magumu wakaanguka. Wa "una akili" wakakata tamaa haraka, na walipotakiwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine alama walizopata, zaidi ya theluthi yao waliziongeza! Jaji wa Binti alisifia hoja ya tatu. Hakusema "wewe ni mzungumzaji hodari".

#29 · Jembe Butu
Kuongeza alama mbona hata wazazi tunafanya. Muulizeni baba yeyote alikuwa wa ngapi shuleni. Darasa lina namba moja arobaini.

#30 · Siti ya Mbele
😂😂😂 Mzee wangu alikuwa namba moja mpaka nilipoikuta ripoti yake.

#31 · Kocha wa Jioni
Nimechelewa. Nalea klabu ya sayansi na swali langu ni tofauti: kazi ya watu sita, jina nani?

Mwaka mmoja tulitoa tuzo kwa kikundi kizima, na wawili wasiofanya lolote wakapanda jukwaani wakitabasamu kuliko wote. Mwaka uliofuata tukamtuza kiongozi wa kikundi, watano wakanuna. Ringelmann, yule Mfaransa wa majaribio ya kuvuta kamba, alishaonyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, kila mmoja anavuta kidogo kuliko angekuwa peke yake. Ukituza kamba unamtuza na mvivu. Ukituza mtu mmoja unaua kikundi.

Mwishowe tuliwaachia wenyewe: kila mmoja aandike kwa siri jina la mwenzake ambaye bila yeye kazi ingekwama, na sababu. Majina yaliyotoka hayakuwa yale ya kwenye orodha yangu. Aliyeongoza ni msichana wa kusafisha na kurekodi vipimo, ambaye mimi nilimwona kama msaidizi.

#32 · Dada Mlezi
Kocha, hiyo nimeipenda ila iangalie. Kura za watoto huenda kwa anayependwa pia. Wale watoto wakimya wasio na marafiki watakosa mara mbili.

#33 · Kocha wa Jioni
Ndiyo maana ya kuandika sababu. "Kwa sababu ni rafiki yangu" tunaiweka pembeni. Wajanja wachache wanapenya, siwezi kukataa.

#34 · Takwimu Baridi
Kwa klabu kuna mfano wa Tuzo ya Duke of Edinburgh, ilianza Uingereza 1956. Shaba, fedha, dhahabu, na hakuna anayeshindana na mtu. Kijana anakamilisha sehemu zake: kujitolea, mazoezi ya mwili, ujuzi fulani, na safari ya nje. Akikamilisha, kapata. Tatizo la watu sita linakwisha, kila mtu na kitabu chake.

#35 · Mwenye Kisiki
Na mwenye nafasi ndiye anayekamilisha. Anayekimbilia nyumbani kulea wadogo zake baada ya kipindi cha mwisho atajaza kitabu saa ngapi? Hata klabu zenyewe ni hivyohivyo, jioni si ya wote.

#36 · Mama Wawili
Na umri msisahau. Wangu wa pili amezaliwa mwishoni kabisa mwa kipindi cha kuandikishwa, darasani ni mdogo kwa karibu mwaka mzima. Miaka ya mwanzo alionekana mzito, kumbe ni miezi tu.

#37 · Takwimu Baridi
Hilo si hisia ya mama tu. Bedard na Dhuey, 2006, walilinganisha nchi nyingi: wadogo wa darasa wako nyuma ya wakubwa wao kwenye alama darasa la nne, pengo linapungua kufika la nane lakini halifutiki. Kwa hiyo baadhi ya "wanafunzi bora" tunawapongeza kwa tarehe ya kuzaliwa.

#38 · Mkwaju
Takwimu, kabla hujatupa utafiti mwingine, nikuchekeshe. Mnajua michezo ya Olimpiki yenyewe ilikuwa na medali za sanaa? 1912 hadi 1948. Usanifu majengo, fasihi, muziki, uchoraji, uchongaji. Paris 1924 majaji wa muziki hawakumpa MTU YEYOTE medali.

#39 · Jembe Butu
Hao majaji nawafahamu, ndio haohao wa mashindano ya kwaya. "Wimbo ulikuwa mzuri ila mavazi."

#40 · Sauti ya Besi
Usinikumbushe. Tuliwahi kukatwa alama kwa "kutabasamu kupita kiasi".

#41 · Mwl Ratiba
Nimewasoma wote, ahsanteni. Rasimu ninayopeleka kikaoni: alama hazisomwi jukwaani, ziko ubaoni anayetaka akazione. Kila anayeitwa, awe wa hesabu, bendi au chesi, anasomewa sentensi moja ya alichofanya. Mfano: "Alipanga na kurekebisha nota za kwaya nzima kwa mwaka mzima." Vyeti vya ushiriki basi. Klabu zitumie karatasi za siri za Kocha.

Mwenye Kisiki, najua utasema mkuu hatakubali kuficha alama.

#42 · Mwenye Kisiki
Hatakubali. Atakubali sentensi NA alama, utarudi na sherehe ndefu kuliko ya mwanzo.

#43 · Dada Mlezi
Mimi bado nasema chesi iacheni.

#44 · Mama Wawili
Wa chesi wangu nimemuuliza jioni hii. Anasema anataka kuitwa, lakini bila kupanda jukwaani. Sijui mtamwekea fungu gani huyo.

#45 · Kalamu ya Risasi
Mwl Ratiba, sentensi zitaandikwa na nani? Ukimwachia mwalimu mmoja usiku wa kuamkia sherehe, utapata "ana bidii na nidhamu" mara themanini.

#46 · Binti wa Hoja
Na mtakayempa kipaza sauti apewe majina mapema ayafanyie mazoezi. Mwaka jana nimeitwa jina la dada yangu, amepanda yeye, kapigwa picha na mgeni rasmi, na ile picha ndiyo iko kwenye kalenda ya shule.

#47 · Jembe Butu
Dada yako alipata tuzo ya nini? 😂

#48 · Binti wa Hoja
Mzungumzaji bora. Hajawahi kusimama kwenye mdahalo hata mmoja, na kikombe amekataa kukirudisha.